Namba Kumi na Saba

Niliinunua kwa Txomin wa vyuma chakavu
kwa bei ya kilo, kama viazi:
tani moja na robo ya kutu
yenye umbo la mtu aliyeinamia kazi.

Shemeji akaizunguka mara mbili, akauliza,
"Hii ya kusaga, inasaga mahindi?"
Haisagi unga, nikamwambia.
Huu mdomo ulikula chuma,
na ulichotema ni maranda ya buluu, ya moto,
yaliyojikunja kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga.

Nilianza na mafuta ya taa na mswaki.
Baridi mbili nzima katika gereji ya Elgoibar,
mto Deba ukinguruma nyuma ya ukuta,
nikifungua nati moja, nikiilaza kwenye gazeti,
nikiandika kando yake: hii ni ya wapi,
maana chuma hakisahau kilipokaa,
mimi ndiye ninayesahau.

Chini ya rangi ya kijani, rangi ya kijivu.
Chini ya kijivu, weusi wa viganja vya watu.
Na chini kabisa, kwenye goti la mashine,
bamba la shaba kama ganda la kiberiti:
UGALDE NA WANAWE. 1931. Namba 17.

Ugalde yupi? Nimuulize nani?
Leire wa masjala alinishushia maboksi manne:
kodi za maji, ugomvi wa ukuta,
orodha ya ng'ombe, kibali cha kufuga nguruwe.
Ugalde yumo mara moja tu, anadaiwa makaa ya mawe.
Vitabu vya mashine vinawataja wote,
Wajerumani kwa kurasa, Waswisi kwa picha;
yeye hakupewa hata tanbihi.
Mzee mmoja wa Eibar akaapa zilitengenezwa ishirini.
Mwenzake akaapa sita.
Hakuna kati yao aliyewahi kuiona hata moja.

Mwaka wa tatu, barua kutoka Bergara,
mwandiko unatetemeka:
"Baba yangu Krispin Azpiri alikuwa fundi wa Ugalde.
Njoo. Nawa mikono kwanza, daftari limezeeka."

Nilinawa. Joxepa, miaka tisini kasoro miwili,
akanipa kahawa, akanitazama kucha,
akauona ule weusi usiotoka,
ndipo akafungua droo.

Kumi na tano: imeuzwa, Zaragoza.
Kumi na sita: imeuzwa, Porto.
Kumi na saba, kwa wino mwekundu:
meza imepinda, sehemu mbili za mia ya milimita.
Imekataliwa. Irudi tanurini.

Nikasoma tena. Irudi tanurini.

"Haikurudi," akasema Joxepa.
"Mama alinisimulia. Jumapili hiyo baba alikosa misa.
Alikuja jioni na mkokoteni wa ng'ombe wa mjomba,
mgongo umeteguka,
akala supu amesimama.
Hakueleza kitu mpaka anaingia kaburini."

Ya kale dhahabu, husema wasiopima.
Usiku ule sikuvua hata koti.
Nikaweka saa ya kipimo juu ya meza,
nikaisukuma taratibu kutoka kushoto,
sindano ikalala,
ikalala,
ikalala,
kisha karibu na mwisho ikainuka:
moja. Moja na nusu. Mbili.

Vita vimepita hapa, na mafuriko,
na mabwana watano waliopaka rangi juu ya rangi,
na kosa lake liko palepale,
zima, kama lilivyoandikwa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi;
na kupinda kwa meza?
Kikwangulio ninacho. Wino wa buluu wa kupimia ninao.
Wiki moja ya mikono na ingenyooka kama maji ya beseni.
Shemeji kila akija ananiuliza ninangoja nini.

Ninachonga vipande vifupi, upande wa kushoto.
Kulia nimemwachia Krispin.